Kwa nini kondoo hufa majani yakiwa mengi

Nina daftari la shule ninaloandikia habari za kondoo wangu. Aliyezaliwa namwandika kwa wino wa buluu, aliyeuzwa kwa mweusi, aliyekufa kwa mwekundu. Ni miaka saba sasa. Siku moja nilikaa kibarazani nikalipekua kuanzia ukurasa wa kwanza, nikaona jambo lililonishangaza: wino mwekundu umejazana Mei na Novemba, majani yanapofika magotini na Bombo nzima, mji wetu wa Luwero, Uganda, ni kijani. Februari, mwezi ambao migomba imejikunja na vumbi limeng'ang'ania mabati, karibu haina alama.

Wengi wanaoanza kufuga hujiandaa kwa kiangazi. Huuliza maji yatatoka wapi na majani watakata kwa nani. Ni maswali ya haki, na kule Karamoja, kwenye ukame wa kaskazini-mashariki, ndiyo maswali ya kwanza. Lakini huku Luwero tunapata mvua mara mbili kwa mwaka: ttoggo, kuanzia Machi hadi Mei, na ddumbi, kuanzia Septemba hadi Novemba. Huku, hizo mvua ndizo zinazoua. Nataka kueleza zinauaje, kwa sababu ukilielewa hilo utaelewa pia kwa nini kondoo wa asili, yule mdogo wa rangi ya kahawia mwenye mkia mnono, ana thamani ambayo haionekani kwenye mizani ya bucha.

Kondoo na mbuzi wanaweza kulala zizi moja, ila hawali mahali pamoja. Mbuzi huinua kichwa, akasimama kwa miguu ya nyuma akachuma majani ya kichaka. Kondoo huinamisha shingo akakata nyasi karibu na udongo. Huko chini ndiko anakokutana na mnyoo wa tumbo ambao wataalamu wanauita Haemonchus contortus. Ni mwembamba kama uzi, urefu wake sentimita mbili au tatu, na jike lake lina mistari myekundu na myeupe iliyosokotana: nyekundu ni utumbo uliojaa damu, nyeupe ni mirija ya mayai.

Jike moja hutaga mayai elfu tano na zaidi kwa siku, nayo hutoka na kinyesi. Yakikuta joto na unyevu, katika muda wa wiki moja hivi yamekwisha kuwa vijinyoo visivyoonekana kwa macho. Vijinyoo hivyo hupanda jani kwa kuogelea ndani ya umande, na vingi havifiki juu. Hubaki kwenye sentimita tano za chini, palepale kondoo anapopapenda. Akivimeza, baada ya wiki tatu vimekomaa na vinataga. Kwa hiyo kutoka yai hadi yai ni kama mwezi mmoja. Sasa hesabu: mvua ikianza Machi, kizazi cha kwanza kinataga Aprili, cha pili Mei, na kila kizazi kinakizidi kilichotangulia kwa maelfu. Septemba ikiingia, hesabu inaanza upya na kufika kileleni Novemba. Ndipo nilipoelewa daftari langu. Machi kondoo anakula majani mazuri na ananenepa. Deni lake analipa Mei.

Na analipa kwa damu. Mnyoo mmoja hunyonya karibu tone moja kwa siku. Minyoo elfu moja, idadi ambayo si ya ajabu msimu wa mvua, hunyonya mililita hamsini, yaani kama robo ya kikombe cha chai, kila siku. Kondoo wa kilo thelathini ana damu lita mbili hivi. Baada ya siku kumi amepoteza nusu lita, na mwili wake unahangaika kuifidia wakati kinyonyaji hakijaondoka.

Kinachofanya jambo hili kuwa gumu ni kwamba mnyoo huu mara nyingi hauleti kuhara. Kondoo anaweza kuonekana mnene, manyoya yamelala vizuri, tumbo limejaa. Halafu unaona uvimbe laini chini ya taya, kama kifuko cha maji, na watu wanasema ameumwa na nyuki. Huo uvimbe ni maji yaliyotoka kwenye mishipa kwa sababu damu imekuwa nyepesi mno. Siku mbili tatu baadaye unamkuta amelala pembeni ya zizi, kimya. Waswahili wanasema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, na kwa binadamu huenda ni sifa. Kwa mfugaji ni msiba, kwa sababu mnyama asiyelalamika humpi dawa. Hajati mmoja jirani yangu, aliyefuga tangu kabla sijazaliwa, aliniambia mwaka wangu wa kwanza, "Mwanangu, kondoo hakuiti. Wewe ndiye wa kumwendea."

Kumwendea maana yake ni kumtazama kope. Unaibonyeza kope ya juu taratibu kwenye jicho, unaivuta ya chini, unatazama rangi ya ndani. Daktari wa mifugo wa Afrika Kusini, Faffa Malan, alitengeneza kadi yenye rangi tano, kuanzia nyekundu iliyokolea hadi nyeupe kama karatasi; jina la kadi hiyo, FAMACHA, limetokana na jina lake. Rangi ya kwanza na ya pili, mwache. Ya nne na ya tano, mpe dawa leo, usingoje kesho. Ya tatu inataka busara: mwana-kondoo au mama anayenyonyesha mimi humpa, dume aliyeshiba namtazama tena baada ya wiki. Msimu wa mvua nafanya hivi kila wiki mbili, kundi lote, na kwa kondoo arobaini na kijana mmoja wa kunisaidia kazi yote ni asubuhi moja.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: kwa nini usiwape wote dawa kwa pamoja, ukamaliza? Nilifanya hivyo miaka miwili. Mwanzoni dawa ilifanya kazi kama muujiza. Kisha ikaanza kulegea. Ukiwapa wote, minyoo inayobaki hai ni ile tu ambayo dawa haiiwezi, na hiyo ndiyo inayotaga mayai yote yanayofuata. Ukiwaacha bila dawa wale wenye afya, tumboni mwao inabaki minyoo ya kawaida ambayo bado inaogopa dawa, nayo inazaana na ile sugu na kuipunguzia nguvu. Tena minyoo haigawanyiki sawasawa. Sehemu kubwa yake huwa katika wanyama wachache tu, na hao ndio kope zinazowafichua.

Mawili ya haraka kuhusu dawa, kwa sababu nimeona watu wakipoteza wanyama. Pima uzito, hata kwa kamba ya kifuani, maana kipimo pungufu ndicho kinachofundisha minyoo usugu. Na albendazoli usimpe kondoo aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba. Inaweza kumharibu mtoto tumboni.

Dume mkubwa na binti zake

Nilipoanza kuandika rangi za kope, daftari likaanza kunieleza jambo jingine. Majina ya wanaohitaji dawa yalikuwa yaleyale kila mara, na karibu wote walikuwa na baba mmoja.

Baba huyo nilimnunua mwenyewe, kwa furaha kubwa. Alikuwa chotara wa Dorper, mwili mweupe, kichwa cheusi, mgongo mpana kama kitanda. Watu walisimama barabarani kumtazama. Wanawe walizaliwa wakubwa, na wakiwa na miezi mitano walikuwa wamewaacha wenzao wa asili mbali sana. Mei ya kwanza wakapauka kope. Ya pili nikawazika watano.

Dorper ni kondoo mzuri, na sitamsema vibaya. Alitengenezwa Afrika Kusini kwa kuchanganya kondoo wa Kiingereza aitwaye Dorset Horn na kondoo mwenye kichwa cheusi aliyeitwa Persian. Huyo wa pili, licha ya jina lake la Kiajemi, asili yake ni pwani ya Wasomali. Kwa hiyo nusu ya damu ya Dorper ilitoka kwetu huku Afrika Mashariki. Lakini alitengenezwa kwa ajili ya nchi kame, penye jua kali na umande kidogo, na hapo hana mpinzani. Kumleta penye mvua mara mbili kwa mwaka ni kumwingiza katika vita ambavyo hakufundishwa kupigana.

Kondoo wa asili amefundishwa. Jirani zetu wa Kenya ndio waliolichunguza hili kwa undani, kwa kondoo mwekundu wa Kimaasai. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo iliyoko Nairobi ilimlinganisha na Dorper kwa miaka mingi, pamoja na kule pwani penye unyevu, na ikaonekana kwamba kondoo huyo wa Kimaasai hutoa mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi, hapaukiwi na damu upesi, na wanawe hufa kidogo zaidi. Kuna mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya. Kukinza ni mwili kuifukuza minyoo au kuizuia isitage. Kustahimili ni kuibeba minyoo na kuendelea kuishi. Anayestahimili anaokoa roho yake, lakini bado anamwaga mayai malishoni. Anayekinza anawasafishia malisho wenzake wote.

Hapo ndipo pana fundo ambalo halionekani mwanzoni. Chotara wa kwanza, mama wa asili na baba Dorper, mara nyingi ni mnyama bora: ana mwili wa baba na sehemu ya ukinzani wa mama. Mfugaji anamfurahia, kwa hiyo anampandisha tena kwa Dorper, na mjukuu naye kwa Dorper. Kila kizazi mwili unaongezeka na ukinzani unapungua, hadi mvua moja mbaya inafagia zizi. Na ukitaka kurudi kwenye chotara yule wa kwanza, unahitaji mama wa asili safi. Utamtoa wapi, ikiwa kijiji kizima kilifanya kama wewe? Kenya ilianza kusambaza madume ya Dorper miaka ya 1970, na leo kumpata kondoo mwekundu wa Kimaasai asiyechanganyika ni kazi ya kutafuta. Mimi sipingi chotara. Napinga kumaliza akina mama wanaomzaa.

Mkia wa Februari

Kiangazi nacho kina taabu zake, ila ni taabu unazoziona zikija. Kondoo wa asili huingia Desemba akiwa na mkia mzito unaotikisika akitembea. Hayo ni mafuta, akiba aliyoiweka wakati wa ddumbi, na mwili unaichota kidogo kidogo kadiri nyasi zinavyokauka. Huwa nawashika mkia kila Ijumaa jioni. Januari bado umejaa mkono. Mwishoni mwa Februari ngozi imelegea na unasikia mfupa. Nikiusikia mfupa mapema kuliko hapo, najua huyo ana mimba kubwa au ana tatizo, na namtenga nimwongezee chakula.

Chakula chenyewe hapa kwetu ni maganda ya matoke, majani ya viazi vitamu yaliyonyaushwa, na kaliandra niliyoipanda kandokando ya ua. Maganda yanapatikana bure kwa mama lishe ukimpelekea gunia. Chumvi ya kulamba ni lazima, lakini soma mfuko: chumvi ya ng'ombe mara nyingi imeongezwa shaba, na kondoo hawezi kuitoa shaba mwilini kama ng'ombe. Inajikusanya kwenye ini miezi kadhaa bila dalili yoyote, halafu siku moja anakojoa mkojo mwekundu na kufa. Na wakati huo wa ukavu, kitu pekee kilichobaki kijani porini ni lantana, kile kichaka cha maua ya rangi rangi chenye harufu kali. Kondoo mwenye njaa atakila, ini litaumia, na ngozi ya uso na masikio itaungua juani. Mimi nilikaa wiki nzima nikiking'oa kwa jembe.

Furaha ya kiangazi ni wana-kondoo. Kondoo wetu hawategemei urefu wa mchana ili wapandane, kama wale wa Ulaya. Hapa karibu na ikweta mchana haubadiliki, kwa hiyo dume akiwa kundini muda wote, watoto huzaliwa muda wote, hata katikati ya Mei. Mama anayekaribia kuzaa na anayenyonyesha hupungukiwa na kinga, naye humwaga mayai ya minyoo mengi kuliko kawaida. Akizaa kwenye mvua, anamtandikia mwanawe kitanda cha minyoo palepale anapoanza kujifunza kula nyasi.

Ndiyo maana dume wangu analala peke yake. Wafugaji wa Kimaasai humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo; mimi nimemjengea zizi lake. Mimba ni siku mia moja na hamsini hivi. Nikimwachia dume mwanzoni mwa Januari, watoto huja Juni, mvua inapokatika. Nikimwachia Julai, majike wakiwa wamenona kwa majani ya ttoggo, watoto huja Desemba. Nilikuwa mtu wa Juni. Sasa nimehamia Desemba, na sababu ni mwezi wa angani.

Wateja wangu wakubwa ni Waislamu wa Bombo na vijiji vya karibu, wakati wa Idi ya kuchinja. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu, kondoo wa udhhiya, yaani wa kuchinjwa kwa ajili ya Idi hiyo, awe ametimiza mwaka mmoja, au ameangusha meno ya mbele kabla ya hapo. Mbuzi ni miaka miwili. Hapo kondoo anamtangulia mbuzi kwa mwaka mzima, na ni neema kubwa kwa mfugaji. Lakini mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Idi inatembea kurudi nyuma katika misimu. Mwaka 2017 ilikuwa tarehe 1 Septemba, na mtoto wa Juni ya mwaka uliotangulia alikuwa ametimiza mwaka akiwa na nafasi ya kupumua. Mwaka 2026 inaangukia mwishoni mwa Mei, kwa kutegemea mwandamo. Mwaka 2030 itakuwa katikati ya Aprili. Mtoto wa Juni sasa anakosa Idi kwa siku chache, na kumlisha mwaka mwingine mzima ni hasara. Mtoto wa Desemba anafika akiwa na miezi kumi na saba, meno yamebadilika, mwili umejaa. Ila atakuwa ananeneshwa Aprili na Mei, kilele cha minyoo, na hapo ndipo ninapohitaji damu ya mama wa asili kuliko wakati wowote.

Kuhusu kununua kutoka mbali nitasema kwa ufupi, maana bado linaniuma. Hesabu ya mifugo ya mwaka 2008 ilikuta kondoo milioni 3.4 Uganda nzima, na karibu nusu yao walikuwa Karamoja. Ni kondoo wazuri wa mvua moja kwa mwaka, mabingwa wa kutembea na kiu. Nilinunua sita kwa mchuuzi, nikawaingiza kundini siku hiyohiyo. Baada ya wiki mbili wanne walikuwa wamekufa kwa homa kali na kuhara. Sikuwa nimejua kwamba mnyama aliyekulia nchi isiyo na kupe wa masikio wa kahawia hana kinga ya magonjwa anayoyaleta, ukiwemo ule uitwao ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, ambao wa kwetu hapa huupata wakiwa wadogo na kupona. Ningeweza pia kuingiza sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Karamoja mwaka 2007, na ambayo chanjo yake ipo. Sasa mgeni hukaa peke yake wiki tatu, na amechanjwa.

Soko la siku za kawaida ni dogo. Muchomo, yaani nyama choma, ya Kampala ni ya mbuzi. Katika Buganda kuna ukoo wa Endiga, yaani kondoo, ambao hawali nyama yake kabisa, na zamani wanawake wa Kiganda hawakuigusa. Wazee wa Kiganda walipenda kuwa na kondoo ndani ya kundi la ng'ombe, kwa imani kwamba hukinga radi. Mteja mmoja wa Wobulenzi hununua kwangu kwa sababu hiyo tu, mmoja kila baada ya miaka michache, na humtunza hadi anazeeka.

Jioni za Januari, jua likishuka nyuma ya miembe, wana-kondoo huanza kuruka. Mmoja anaanza, wote wanafuata, wanakimbia hadi mwisho wa ua na kurudi, miguu minne hewani. Kisha mama mmoja anaita, na kati ya watoto ishirini mmoja tu anasimama, amesikia sauti yake. Nimeliona mara nyingi na bado huacha nilichoshika.

Juzi nimetazama kope kwa mara ya mwisho kabla ya mvua. Wawili rangi ya nne, watano ya tatu, waliobaki wote wekundu. Jike mzee zaidi, aliyekuwa kwenye kundi la kwanza nililonunua, meno yake yamebaki mawili na daftari linasema hajapewa dawa ya minyoo tangu nianze kuandika rangi. Desemba amezaa dume. Nilikuwa nimepanga kuwahasi madume wote kwa ajili ya Idi. Huyo nimemtoa kwenye orodha.